Mia Iliyobaki

Tulifunga mlango wa mashine saa moja usiku,
Kiboriloni bado inanuka vitunguu vya gulio,
tukamwaga pesa juu ya gunia tupu:
watu watatu, taa moja ya simu.

Miezi mitatu. Umeme umeshalipwa,
mkanda uliokatika mwezi wa pili umeshalipwa.
Kilichobaki, milioni moja, laki nne na elfu sabini,
na mia moja ya sarafu.

Siku ya kwanza tulisema, tutagawana kindugu.
Neno tamu lile, halikuandikwa popote.
Usiku huu kila mmoja amekuja nalo kutoka kwake
na kila mmoja amelivika nguo yake.

Mzee Aikaruwa alikohoa kwanza.
"Mashine hii ni kiinua mgongo changu.
Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha sukari.
Mgongo wenyewe huu, tazameni ulivyoinuka."
Hatukucheka. Umeinama
kama mgomba wenye mkungu uliokosa nguzo.

Ndeanasia akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.
"Na hiki je? Mngesagia mvuani?
Hapa palikuwa sebule yangu.
Kochi la marehemu liko kwa jirani, linatagiwa na kuku.
Vikombe vyangu kabatini vinacheza vyenyewe
tangu alfajiri."

Mimi sikuwa na cha kugonga.
Nilikuwa na nyusi nyeupe kabla ya umri,
sikio la kushoto linalopiga filimbi hata kanisani,
na majina: nani hulipa, nani hukopa akaapa,
nani mahindi yake yana mawe, yapepetwe kwanza.
Nikasema, "Mashine haijiwashi."
Nikanyamaza, maana sauti ilitoka kali
kuliko nilivyoipima.

"Basi sawa kwa sawa."
"Sawa ya nani? Jasho hukauka. Chuma hununuliwa."
"Chuma bila jasho ni kutu."
Tulikuwa tumekaribia mahali
ambapo maneno yakipita hayarudi kuchukua viatu.

Ndeanasia ndiye aliyeleta habari ya mbuzi.
"Kwetu akichinjwa, nani humkata kwa rula?
Kidari kina mwenyewe. Shingo ina mwenyewe.
Hata aliyeshika miguu ana kipande chake kinachojulikana,
wala haulizwi kwa nini.
Kila kitu kipewe chake kwanza,
ndipo tunywe supu pamoja."

Tukaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa bati:
mikono ya kusaga, laki na nusu kwa mwezi;
chumba, elfu sitini;
chuma kinachochakaa, laki na thelathini,
hadi mgongo wa mzee urudi wote.
Mimi nilibishia ile thelathini. Yeye akabishia nusu yangu.
Sitasema nilishinda,
wala sitasema sikulala na kinyongo.
Supu ikabaki laki nne na nusu,
moja na nusu kila bakuli,
na ile mia.

Mia haigawanyiki kwa watatu.
Tulijaribu, kweli, kwa kikokotoo cha simu:
thelathini na tatu, nukta, tatu, tatu, tatu,
zikakimbilia ukingo wa kioo zisifike.
Mzee akasema, mpe Ndeanasia.
Ndeanasia akasema, siombi.
Hakuna aliyesema, nipe mimi.

Tukaiweka juu ya sanduku la swichi.
Ipo hadi leo.
Kila jioni nikifuta unga naiinua,
nafuta chini yake, nairudisha palepale,
kichwa juu.
Asubuhi nyingine naikuta imelala kifudifudi,
imesogea kama upana wa ukucha.
Kumbe kuna mwenzangu
naye hupita kuangalia kama ipo.